Usianze na nanga: jibu kwa msomaji anayetaka vinara vya kaure vya Kiingereza

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Leicester. Nimetekwa na vinara vya mishumaa vya kaure vya Kiingereza, vile vya kale vyenye sanamu za watu na maua. Kwenye soko la vitu vya kale nimeona jozi: kijana mchungaji na msichana mchungaji, kila mmoja amekaa mbele ya kichaka cha maua, na kikombe cha mshumaa kinachomoza juu. Urefu ni sentimita 27 hivi. Chini vina nanga ya dhahabu. Muuzaji anasema ni Chelsea ya miaka ya 1760, vizima kabisa, anataka paundi 380, na ameniwekea hadi Jumapili. Nimekutumia picha sita. Je, ni kweli? Kama si kweli, mtu mwenye paundi 400 aanzie wapi? Na je, naweza kuviwashia mishumaa? Mama anakuja Desemba na ningependa avione vikiwaka mezani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usivinunue. Nimetanguliza hilo kwa sababu Jumapili iko karibu.

Picha zako ni nzuri, hasa ile ya tano uliyovipindua na kuweka rula pembeni. Hiyo ndiyo iliyonipa jibu. Vinara hivyo si vya Chelsea. Vimetoka Ufaransa au Ujerumani, vimetengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye kidogo, kwa kuiga Chelsea. Sisemi ni takataka. Aliyevifinyanga alikuwa na mkono mzuri, na kama vingeuzwa kama pambo la nyumbani kwa bei ya pambo nisingekuzuia. Lakini paundi 380 ni bei ya jina, na jina hilo si lao.

Kilichokuvuta ni nanga, kwa hiyo nitaanza nayo, ingawa mkusanyaji hapaswi kuanzia hapo. Kiwanda cha Chelsea, kando ya mto Thames, kilianza katikati ya miaka ya 1740 na kiliongozwa na Nicholas Sprimont, sonara wa fedha aliyetoka Liège. Alama zake zilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda: kwanza pembetatu iliyokwaruzwa kwenye udongo mbichi, kisha nanga iliyotuna juu ya kibonye kidogo cha udongo, kisha nanga nyekundu kuanzia 1752 hivi, na mwisho nanga ya dhahabu kuanzia 1756 hivi hadi kiwanda kilipouzwa mwaka 1769. Sasa shika jambo moja: nanga ya kweli ni ndogo sana. Mara nyingi haifiki milimita 6, na kwenye sanamu imefichwa nyuma ya kitako au pembeni ya ua, kama mtu aliyeandika jina lake kwa haya. Nanga yako, kwa rula yako mwenyewe, ina milimita 14, na imechorwa katikati kabisa ya chini ambako hakuna atakayeikosa. Nanga ya ukubwa huo ilichorwa ili imvute mnunuzi.

Na kuna waliofanya kazi hiyo kwa wingi. Mjini Paris, Edmé Samson alifungua karakana yake mwaka 1845, na ukoo wake ukaendelea kuiga kaure za kila kiwanda maarufu, Meissen, Chelsea, Derby, hata za China, hadi karne ya 20. Viwanda kadhaa vya Ujerumani navyo vilipenda nanga ya dhahabu. Kwa hiyo nikiona nanga hiyo kubwa na nyangavu juu ya meza ya soko, moyo wangu haudundi. Nageuza kinara nitazame mambo mengine.

Upande wa pili wa jambo hilo ndio unaowaumiza wanaoanza. Vinara vingi vya kweli havina alama yoyote. Sanamu za kiwanda cha Derby za miaka ya 1750 na 1760 karibu zote hazina alama chini, na za kiwanda cha Bow nyingi vilevile. Mtu anayekusanya kwa kufuata alama atarudi nyumbani na vya kuiga, na vya kweli ataviacha mezani vikimtazama.

Basi anza na udongo.

Nilizaliwa Lamu, na katika nyumba ya bibi yangu kulikuwa na zidaka za chokaa ukutani zilizopangwa sahani za buluu na nyeupe. Tulikatazwa kuzigusa. Watu wa pwani yetu walikuwa wakinunua kaure ya China karne nyingi kabla Mwingereza hajaweza kufinyanga kikombe cha aina hiyo. Vigae vyake bado vinaokotwa Gedi. Nalitaja hili kwa sababu Waingereza wa karne ya 18 walikuwa na kiu ileile. Walipenda cha Mchina, wakakinunua kwa fedha nyingi, wakataka kukitengeneza wenyewe. Kiwanda cha Bow, mashariki mwa London, kilijiita kabisa New Canton. Ila siri ya udongo hawakuwa nayo. Wajerumani waliipata, na Meissen ikaanza kazi mwaka 1710. Waingereza walihangaika: wengine wakachanganya udongo mweupe na unga wa kioo, Bow wakatia majivu ya mifupa ya ng'ombe, Worcester wakatumia jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni. Ni mfamasia wa Plymouth, William Cookworthy, aliyepata hataza ya kaure ngumu kama ya China, mwaka 1768, na kazi hiyo ilihamia Bristol mwaka 1770 na haikudumu.

Hivyo karibu kila kinara cha Kiingereza cha wakati huo utakachoweza kukimudu ni cha kaure laini, yaani ya michanganyiko hiyo, na kile cha kuiga cha Ufaransa au Ujerumani ni cha kaure ngumu. Tofauti hiyo huhisiwa mkononi kabla haijaelezwa. Kaure ngumu ni baridi, glezi yake, yaani ule utando wa kioo, ni nyembamba na imekaza, nyeupe yake ina kijivu ndani, na rangi zimekaa juu yake kama zimebandikwa. Kaure laini ina weupe wa maziwa au pembe ya ndovu. Glezi ni nene kidogo, imejikusanya kwenye mikunjo ya nguo na mashimo ya maua, na pale ilipojikusanya huwa na ukijani au ubuluu. Rangi zimezama ndani yake. Tazama pua ya sanamu: kwenye kaure laini mara nyingi imepoteza ukali kidogo, kana kwamba imefunikwa na mafuta. Tafuta pia palipomeguka, maana kila kinara kina mahali palipomeguka hata kama ni ukingo wa jani. Mmeguko wa kaure ngumu ni laini unaong'aa kama kioo kilichovunjika. Wa kaure laini una chembechembe, mfano wa sukari guru iliyovunjwa. Katika picha yako ya sita jani la nyuma ya msichana limemeguka, na hapo panang'aa. Hapo ndipo niliposadiki kile ambacho nanga ilikuwa imenidokeza.

Hapa nikuonye: usikwaruze kitu cha mtu kwa kisu ili kujua ugumu wake. Utasikia ushauri huo kwa wazee wa zamani. Ni uharibifu, basi.

Baada ya udongo, pindua. Chini ya kinara ndiko kuna ukweli mwingi, na muuzaji mwema hatakuzuia ukiomba kwa adabu na ukikishika kwa mikono miwili kwenye kitako. Kwa Derby tafuta madoa matatu au manne ya mviringo, yenye rangi iliyofifia au iliyoiva zaidi kuliko udongo wa pembeni yake, ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Wakati wa kuchomwa, sanamu za Derby zilisimamishwa juu ya vidonge vya udongo ili glezi isigande kwenye rafu ya tanuri, na vidonge hivyo viliacha alama. Katikati utaona tundu la kutolea hewa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1770, Derby walikwaruza namba ya muundo chini, herufi N na o kisha tarakimu, na mara nyingine namba ya ukubwa. Derby walimimina udongo wa majimaji ndani ya kalibu za plasta, kwa hiyo vipande vyao ni vyepesi na vina uwazi ndani. Bow walibana udongo ndani ya kalibu kwa vidole, kwa hiyo kinara cha Bow ni kizito kuliko unavyotarajia, na mgongoni mara nyingi kina tundu, pengine la mraba, lililowekwa ili lichomekwe tawi la chuma lenye vikombe vya mishumaa na maua. Ukiona sanamu ya Bow yenye tundu la mraba mgongoni na haina kikombe cha mshumaa, usidhani tundu ni kasoro. Hicho kilikuwa kinara au kilikusudiwa kiwe kinara, na tawi lake limepotea njiani katika miaka 250.

Rangi nayo inasaidia, lakini kwa tahadhari. Derby ya miaka ya 1758 hadi 1765 hivi hupenda rangi ya feruzi iliyotiwa uchafu, buluu-kijani inayoelekea kahawia pembeni. Ukishaiona mara tatu hutaisahau. Bow ya miaka ya 1760 ina kitako kirefu kilichopindapinda chenye miguu minne, na mikunjo yake imepigwa mistari ya zambarau-nyekundu na feruzi safi. Dhahabu ya karne ya 18 ilisagwa pamoja na asali ikapakwa kwa brashi na kuchomwa kwa moto mdogo. Ina joto na unene fulani, na imechakaa kwenye kingo. Ile ya zebaki iliyokuja mwishoni mwa karne ni nyembamba na ina mng'ao wa shaba. Tahadhari yenyewe ni hii: William Duesbury, ambaye baadaye aliiendesha Derby tangu 1756 na kuinunua Chelsea mwaka 1770, alianza kama mpaka rangi mjini London, na daftari lake la hesabu la 1751 hadi 1753 linaonyesha alikuwa akipaka rangi sanamu za Bow, za Chelsea na za Derby kwenye karakana moja. Rangi basi haiwezi kuwa shahidi peke yake.

Tazama na mgongo. Vinara hivi vilisimama kwenye rafu iliyo juu ya mahali pa moto au kwenye meza ya pembeni, ukuta uko nyuma. Kichaka cha maua kilifanya kazi mbili. Kilishikilia mwili wa sanamu usilale tanurini, maana kaure laini hulegea ikichomwa, na ndiyo maana kila mchungaji ameegemea kisiki hata kama hana sababu ya kuegemea. Na mshumaa ulipowaka, petali zile nyeupe zilizometa nyuma ya uso. Kila ua lilifinyangwa petali kwa petali, kwa kubana kidonge cha udongo kiganjani kwa kidole. Ukiwa na lenzi unaweza kuona mistari ya ngozi ya mtu aliyefariki kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Mimi hili bado linanisimamisha, baada ya miaka yote hii. Lakini nyuma ya kichaka, ambako hakuna aliyetazama, kazi ilikuwa ya haraka: maua machache, rangi kidogo, pengine nyeupe tupu. Jozi yako imepakwa rangi na kumaliziwa nyuma sawasawa na mbele. Wafinyanzi wa 1765 hawakuwa na muda huo.

Na mishumaa haikuwa kitu cha bure. Uingereza iliitoza kodi tangu 1709 hadi 1831, na ile ya nta ya nyuki ilikuwa ya wenye nacho. Kinara cha kaure chenye maua kilikuwa namna ya kuonyesha kwamba katika nyumba hii hata nuru inavalishwa nguo.

Sasa nije mahali ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea hata kwa vinara vya kweli. Sehemu ya kwanza kuvunjika ni kikombe cha mshumaa na kile kisahani chini yake cha kudakia nta. Fikiria: kimechomoza juu, kinaguswa kila jioni, kinapashwa moto, kinakwanguliwa nta kwa kisu na mtumishi mwenye haraka. Baada ya hapo huja vidole, kichwa cha ndege, mkono ulionyoshwa. Muuzaji akisema kinara cha miaka ya 1760 ni "kizima kabisa", ama hakijui ama amebahatika kupita kiasi, na mimi huamini la kwanza.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, kwenye mnada wa mji mdogo ambao sitautaja, nilinunua kinara changu cha kwanza cha Derby. Ni mwanamke wa jozi iitwayo Uhuru na Ndoa, muundo uliopendwa sana wakati ule na Bow wakautengeneza vilevile: mwanamume ni Uhuru, ana ndege, mwanamke ni Ndoa, ana tundu la kufugia ndege. Mwanamume wangu alikuwa amepotea, yuko mwanamke peke yake na tundu lake. Katalogi ilisema hali nzuri. Nilipofika nyumbani nikaona vumbi la miaka kwenye maua, nikajaza beseni maji ya moto yenye sabuni, nikamtumbukiza. Baada ya dakika kumi nikasikia kitu kikigonga beseni kwa sauti ndogo. Mkono ulioshika tundu la ndege ulikuwa umelala chini. Nilipomtoa, kikombe cha mshumaa nacho kikainama kama ua lililonyauka. Gundi ya zamani ilikuwa imeyeyuka, njano, yenye harufu ya ngozi. Ndani ya bega kulikuwa na msumari mdogo wa chuma wenye kutu, na kile kikombe hakikuwa kaure hata kidogo: plasta, imepakwa rangi na vanishi, maua yamechorwa kwa ustadi mkubwa kufuata yale ya chini. Nilikaa jikoni nikimtazama hadi usiku.

Bado ninaye. Nilimpeleka kwa fundi, akautoa ule msumari, akaunga mkono kwa gundi inayoweza kufunguliwa, na kikombe cha plasta nikakihifadhi kwenye boksi. Nimejifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwenye vitabu, kwa sababu katika mvunjiko wa bega lake ningeweza kuona chembe za kaure laini kwa macho yangu, na kila nikiwa na shaka juu ya kitu kingine nilimchukua nikakilinganisha naye.

Kwa hiyo kwenda kutazama kinara, beba vitu viwili. Cha kwanza ni lenzi ndogo ya kukuza mara kumi. Cha pili ni tochi ya mwanga wa urujuanimno, ya aina ile ya kukagulia noti bandia. Ni ya bei ndogo. Omba umulike pembeni penye kivuli. Rangi mpya iliyopakwa kufunika ukarabati hung'aa tofauti na glezi inayoizunguka, mithili ya kiraka kwenye kanzu. Kama huna tochi, gusa mahali unapopatilia shaka kwa ncha ya jino, taratibu. Glezi ni kioo: ngumu, baridi, inakwaruza jino kwa sauti. Rangi ya kufunika ni laini na vuguvugu. Pitisha jino au ukucha kwenye shingo ya kikombe cha mshumaa, viwiko, shingo za sanamu, kisha mwisho wa matawi. Ukikuta ufa, utazame kingo zake. Ufa uliotokea tanurini una kingo zilizolainika na glezi imeingia ndani yake. Huo kinara kilizaliwa nao, na haupunguzi thamani sana. Ufa mpya ni mkali na mweusi kwa uchafu.

Kuhusu jozi, usilazimishe. Ni kweli jozi ya asili huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kinara kimoja, na ndiyo sababu watu huozesha vinara visivyojuana: mchungaji wa 1762 na mchungaji wa kike wa 1770, wamewekwa pamoja na muuzaji wa jana. Weka vitako viwili kando kwa kando. Jozi ya kweli hutazamana. Mmoja anaelekea kushoto na mwenziwe kulia, feruzi yao ni moja, kisiki chao kimepakwa na brashi ileile. Tofauti ya sentimita moja ya urefu si tatizo, udongo hujikunja tanurini. Tofauti ya mkono wa mpaka rangi ni tatizo.

Sasa paundi zako 400. Ningekuwa wewe, ningetafuta kinara kimoja cha Derby cha miaka ya 1765 hadi 1775, chenye madoa yake matatu chini, kilichopoteza maua na pengine kikombe kilichokarabatiwa, kikiuzwa wazi kwamba kimekarabatiwa. Bei za sanamu hizi zimeshuka sana kulinganisha na miaka ya 1990, na kimoja cha namna hiyo hupatikana mara nyingi kwenye minada ya mikoani kwa chini ya paundi 200. Watu hukimbia vilivyovunjika. Wewe usikimbie. Kilichovunjika cha kweli kitakupa macho, kisha macho hayo yatakununulia kizima.

Mnadani, soma masharti kabla hujanyosha mkono. Juu ya bei ya nyundo kuna ada ya mnunuzi, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani. Ada ikiwa asilimia 25, kinara kilichoangukia paundi 100 kitakutoa paundi 130: ada ni 25, na kodi juu ya ada hiyo ni 5. Wengi wameshtukia hilo dirishani pa kulipia. Omba maelezo ya hali ya kitu kwa maandishi, kwa kawaida hayalipiwi, na uliza swali la wazi: kikombe cha mshumaa ni cha asili? Na soma maneno ya katalogi kwa makini. Wakiandika "Derby, 1768 hivi", wameweka jina lao hapo. Wakiandika "mtindo wa Chelsea", wamekwambia si Chelsea. Wakiandika "yenye nanga ya dhahabu" bila kutaja kiwanda, wamekwambia jambo lilelile kwa sauti ya chini.

Lakini kabla ya kutoa hata paundi moja, panda treni. Kutoka Leicester hadi Derby hufiki saa moja. Jumba la makumbusho la mji, Derby Museum and Art Gallery, lina mkusanyiko mkubwa wa kaure za mji huo, na kuingia ni bure. Simama mbele ya kabati la sanamu kwa nusu saa, kabati moja tu, usizunguke. Tazama feruzi. Tazama pua. Siku ukipata likizo ya kwenda London, nenda V&A, yaani jumba la makumbusho la Victoria and Albert, South Kensington, upande hadi ghorofa ya juu kabisa kwenye vyumba vya ufinyanzi; huko utaona Bow, Chelsea, Derby na Longton Hall vikiwa karibu karibu, na vinara vya Chelsea vya nanga ya dhahabu vyenye wanyama wa hadithi za Aesop vikiwa vimezama ndani ya maua. Na jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, lina mkusanyiko mwingine mzuri sana. V&A na Fitzwilliam wameweka picha na maelezo ya vitu vyao kwenye intaneti, bure, pamoja na picha za chini na za nyuma kwa baadhi yake. Usiku wa zamu ukitulia, hivyo ndivyo vya kupitia.

Kama moyo utakuelekeza kwenye vinara vya baadaye, karne ya 19, njia ni nyepesi kidogo. Royal Worcester walitengeneza vinara vya watoto na wanawake katika rangi ya pembe ya ndovu na dhahabu, kazi ya mchongaji James Hadley, na alama zao husomeka kama kalenda: kuanzia 1892 waliongeza nukta kwa kila mwaka. Neno England chini ya chombo kwa kawaida humaanisha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka nchi ya asili itajwe. Basi ukiona "Chelsea ya 1760" yenye neno hilo, rudisha mezani. Mimi vya karne ya 19 navistahi, ila sivipendi vile. Vimefinyangwa bila kosa, na mimi nimezoea yale makosa.

Mishumaa: usiwashe, mwanangu. Kaure laini haipendi joto la upande mmoja; kikombe hupasuka, gundi iliyofichwa hulegea, nta hupenya kwenye nyufa za glezi na haitoki tena. Weka mishumaa mirefu ya nta ya nyuki isiyowashwa, iliyochongwa chini ili iingie bila kulazimishwa. Kisha washa mishumaa mingine kwenye vinara vya shaba, hatua mbili kutoka hapo, nuru ipige kwenye maua kutoka mbele. Mama ataona kile walichokiona wenyewe.

Kusafisha ni kwa brashi laini ya vipodozi, kavu. Kamwe usitumbukize kwenye maji. Nimekueleza kwa nini. Kuinua ni kwa kitako, siyo kwa kichaka wala kiuno cha sanamu. Na ukija kukirudisha Tanga siku moja, mtafute kwanza fundi akague kama kuna misumari ya chuma ndani, kwa sababu hewa ya bahari huivimbisha kwa kutu na kutu hupasua kaure kutoka ndani. Jaza nafasi za kichaka kwa karatasi laini, tia boksi ndani ya boksi, na panda nacho kwenye ndege mikononi.

Jumapili mwambie muuzaji asante, hutachukua. Huna haja ya kumbishia. Pengine naye aliuziwa hivyohivyo. Ila kabla hujaondoka, mwombe akushikishe mmoja wao kwa dakika mbili. Jaza kiganja chako baridi ile, kisha ujaribu kuikumbuka siku utakapopindua kinara cha Derby. Ukikipata chenye madoa matatu, nitumie picha ya chini kwanza.